Kufunga vifaa vya kambi kwenye keria ya pikipiki: hema langu liliniponyoka, nyie mnafungaje?

Hema Mgongoni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilitoka na hema la watu wawili, begi la kulalia, godoro la kujaza upepo, jiko dogo la gesi, sufuria moja na nguo za siku tatu. Vyote nikavirundika juu ya keria, nikavifunga kwa mipira mitatu ile yenye ndoano, nikavuta kidogo, nikaona vimekaza. Nikawasha.

Kilomita 40 za lami, shwari. Nikaingia barabara ya vumbi, ile yenye vijituta vinavyofuatana mpaka meno yanagongana. Baada ya muda nikahisi pikipiki imekuwa nyepesi, inapanda vizuri, nikajisifu kwamba leo nimeipatia gia. Kumbe hema limeshashuka zamani! Nilikuja kusimama kwa sababu ya kelele: ndoano ya mpira mmoja ilikuwa inagonga spoku za nyuma, tak tak tak. Nikageuka nikaona keria nusu tupu, na mpira umening'inia upande wa mnyororo. Ungezunguka vidole vinne tu kuelekea sproketi, sijui kama leo ningekuwa naandika.

Nilipofika nyumbani nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikapima mzigo: kilo 18. Nikasoma kibandiko cha keria, ambacho kilikuwa kimefunikwa na tope tangu ninunue: mwisho kilo 7.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, kilo 18 zinakaa wapi kama keria inataka 7? Pili, nifunge kwa nini na kwa namna gani isijirudie?

Gia ya Chini

Pole sana mkuu. Hema lilipatikana?

Hema Mgongoni

Lilipatikana, kilomita sita nyuma, katikati ya barabara. Kona moja imechanika na fito mbili zimepinda. Nashukuru hapakuwa na mtu nyuma yangu.

Mzee wa Spoku

Mleta uzi, umeuliza la pili kabla ya la kwanza kukuingia vizuri, kwa hiyo nianze na la kwanza, maana ukiliweka sawa hilo, kufunga kunakuwa kazi ndogo.

Keria ni mahali pa kufungia. Pa kubebea ni siti. Watu wengi wanaona kile kipande cha chuma kimetandazwa nyuma, wanasema hapa ndipo mzigo unapokaa, wakati siti ya abiria iko wazi pale mbele yake na imeundwa kubeba mtu mzima. Weka begi zito juu ya siti ya abiria, likuguse mgongo kabisa, halafu keria uitumie kushikia mikanda na kubeba kile chepesi kinachobaki, kama godoro au begi la kulalia.

Sababu yenyewe ni hesabu ya bembea. Chukua pikipiki ambayo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 140. Weka kilo 20 ambazo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 35 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ishirini mara 35 gawa kwa 140, unapata kilo 5. Hizo kilo 5 umezinyanyua kutoka gurudumu la mbele, na la nyuma halibebi 20 tena, linabeba 25. Hapo pikipiki imesimama. Ukikaza mafuta kwenye mlima, gurudumu la mbele linazidi kuwa jepesi, usukani unaanza kutikisika kama unaendesha kwenye utelezi. Kwenye mwendo mkubwa, mzigo ulio mbali nyuma na juu ndio unaofanya pikipiki nzima icheze nyoka-nyoka. Watu wanalaumu upepo, wanalaumu tairi. Sogeza begi hilohilo mpaka kitovu chake kiwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, hesabu yote hiyo inafutika.

Kwa hiyo upangaji wangu uko hivi: vyuma (vigingi, jiko, spana, sufuria) vinaingia chini kabisa kwenye begi kubwa, upande unaokaribia mgongo wangu. Hema linalala kukingama juu ya siti au mara tu nyuma yake, na fito nimezitoa kwenye mfuko wa hema nikazifunga pembeni ndani ya begi, maana zikibaki ndani ya hema ndizo zinazolifanya lizunguke kama gogo. Begi la kulalia ndilo linalokwenda mwisho, juu ya keria. Halizidi kilo moja na nusu, keria yako haitalalamika.

Na usisahau kwamba tairi na springi zilipangwa kwa ajili yako peke yako. Kitabu cha pikipiki kina upepo wa tairi kwa mtu mmoja na upepo kwa mzigo kamili, ni namba mbili tofauti. Shokapu za nyuma nyingi zina pete ya kukazia springi. Ipandishe ngazi moja au mbili. Ukiondoka bila kufanya hivyo, nyuma inakaa chini, taa ya mbele inamulika ndege.

Kofia Ngumu

Mzee nimekusoma kwenye siti. Ila naomba kutetea mipira. Nimefunga kwa mipira miaka na miaka, sijaangusha hata soksi. Aliyeangusha hakufunga vizuri, mipira haina kosa.

Mzee wa Spoku

Kofia, wewe hujaangusha kwa sababu unajua kufunga, na unajua hata ukipewa katani. Tumweleze huyu ambaye ndiyo anaanza.

Mpira unavuta lakini haushiki. Ni vitu viwili. Ukiuvuta mpaka ukaze, bado umebakiza urefu wa kuvutika. Pikipiki ikishuka shimoni na kupanda ghafla, mzigo unataka kubaki hewani. Mpira unarefuka, unauachia sentimita mbili, tatu, halafu unaurudisha. Kila tuta hivyo. Kila mara mzigo unaporuka unatua mahali tofauti kidogo na pa mwanzo, na ile ndoano ambayo haina kifungo chochote inapata nafasi ya kulegea na kuchomoka. Barabara yenye vijituta vinavyofuatana ni mashine ya kuchomoa ndoano.

Halafu ndoano zenyewe. Ukiwa unavuta mpira kuelekea kwako, ikateleza, inarudi usoni. Kuna watu wamepoteza jicho kwa mpira wa mizigo. Ukilazimika kuutumia, simama pembeni, usiinamishe kichwa kwenye mstari wake.

Mkanda bapa hauna habari hiyo. Upana wa sentimita 2.5, bizimu ya kubana kwa meno, basi. Unauvuta kwa mkono, meno yanauma, haurudi. Chagua wa poliesta ukiweza. Nailoni ni imara lakini ikilowa inarefuka. Unafunga asubuhi kavu, mvua ikinyesha mchana unakuta begi linacheza na hujui limelegezwa na nani.

Kofia Ngumu

Sawa, ndoano nakubali. Ila vipi vipande vya tyubu ya tairi? Vile havina ndoano.

Mzee wa Spoku

Hivyo ni habari nyingine, na mimi mwenyewe ninacho kimoja ndani ya begi kila safari. Kipande cha tyubu ni kipana, kinang'ang'ania begi badala ya kuteleza juu yake, na unafunga fundo. Kama nyongeza juu ya mikanda, kizuri mno; nakitumia kushikilia koti la mvua nililolivua njiani. Nikikitegemea peke yake kwa kilo 18, silali usingizi. Na jua linakila: ukikikunja ukaona nyufa ndogondogo, kitupe.

Hema Mgongoni

Shukrani. Sasa mikanda naifungaje? Maana keria yangu ina mabomba mawili pembeni na vijiti vitatu katikati, sijui nishike wapi.

Mzee wa Spoku

Sehemu nne. Mbili mbele ya begi, mbili nyuma yake, kushoto na kulia. Za nyuma ni kona za keria. Za mbele watu ndipo wanapokwama, wakati zipo: vyuma vinavyoshika vikanyagio vya abiria, au fremu yenyewe chini ya siti. Usifunge kwenye madigadi ya plastiki, wala kwenye shina la indiketa, wala kwenye kitu chochote kinachotembea na gurudumu. Mkono wa gurudumu la nyuma unapanda na kushuka. Mkanda uliofungwa hapo utakaza na kulegea mpaka ukatike.

Kila mkanda uanze na kitanzi. Pitisha mkanda nyuma ya bomba, ingiza ncha ndefu ndani ya jicho la mkanda, vuta. Hapo hata mzigo ukilegea, mkanda unabaki umeshika chuma, haudondoki. Hilo peke yake lingekuokoa na ule mpira uliokuwa unatafuta sproketi.

Sasa mwelekeo. Ukivuta chini tu, umezuia begi kuruka, hujalizuia kwenda mbele unapofunga breki wala kurudi nyuma unapoondoka. Mikanda ya mbele iupande mzigo ikielekea nyuma, ya nyuma iupande ikielekea mbele, ili kila mmoja uvute chini na pia uvute dhidi ya mwenzake. Ikipishana juu ya begi kama herufi X, safi. Ila X peke yake ina udhaifu: ikikutana katikati, pembe za begi zinabaki huru na begi jembamba linaweza kuzunguka chini yake. Ndiyo maana natia mkanda wa tatu, umenyooka, unakatiza begi kutoka upande hadi upande.

Kati ya begi na keria weka kitu kinachong'ang'ania, kipande cha tyubu kilichopasuliwa kinatosha. Chuma laini na begi laini vikikutana, mikanda inafanya kazi yote peke yake.

Mwisho, mikia ya mikanda. Hii naisema kwa sauti. MIKIA YA MIKANDA. Kipande kinachobaki baada ya kukaza kikunje, kifunge kwa raba, kiingize chini ya mkanda uliokaza. Kisining'inie hata cha urefu wa kiganja. Upepo unakipeperusha nyuma na chini, na chini kuna gurudumu. Mkanda ukizungushwa na gurudumu la nyuma haukatiki, unalifunga gurudumu.

Fundi Spana

Mimi naongezea upande wa keria yenyewe, maana mnaongea kana kwamba kile chuma ni cha milele.

Kabla ya safari, shika keria kwa mikono miwili uitikise. Ikigonga, boliti zimelegea. Boliti zake mara nyingi ni za M6 au M8, nyembamba kuliko mnavyodhani, na kwenye mtetemo zinajifungua zenyewe. Tia washa ya springi au gundi ya kuzuia nati kulegea, kaza kwa kipimo cha kitabu, usikaze kwa hasira. M6 ukiikaza kwa spana ndefu unaikata kichwa.

Kisha angalia sehemu zilizochomelewa. Ufa hauanzii katikati ya bomba, unaanzia pembeni ya weldi, na mara ya kwanza unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Ukiuona mstari huo, keria imeshaanza kuondoka. Usiongeze mkanda, ipeleke ikachomelewe upya au ibadilishwe.

Na hapa niseme la wenye mikanda ya racheti, ile inayokazwa kwa mpini wa chuma. Ile ni ya kufungia pikipiki ndani ya gari. Ina nguvu kiasi kwamba unaweza kupinda bomba la keria na fito za hema kwa wakati mmoja bila kuona, mkono wako hausikii chochote, unasikia tu krr krr. Tena bizimu yake ni chuma kizito, ikilegea inakuwa nyundo. Nimeletewa keria iliyopinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mwenyewe anasema ilianguka. Haikuanguka, aliikaza.

Gia ya Chini

Nami nina swali. Mimi nabeba abiria. Mke wangu ndiye anayekaa kwenye hiyo siti mnayoigawa hapa kwa mabegi. Sisi tufanyeje?

Mzee wa Spoku

Mwache shemeji akae, begi ndilo literemke. Mabegi ya pembeni, yale yanayoning'inia kila upande wa siti ya nyuma. Uzito unakuwa chini na karibu na ekseli, ni mahali pazuri kuliko hata juu ya siti. Gawanya sawa: kilo zikitofautiana sana kushoto na kulia utalihisi kila ukinyoosha. Keria ibaki na begi la kulalia na godoro, vitu ambavyo ni vikubwa kwa macho lakini mkononi havina kitu.

Ila jumlisha. Kitabu cha pikipiki kinatoa uzito wa mwisho unaoruhusiwa, na ndani yake mnahesabiwa wewe, yeye, kofia zenu, mabegi, kila kitu. Watu wawili wazima pekee wanaweza kuwa wameshamaliza karibu nafasi yote. Hapo suluhisho ni hema dogo, mkanda hausaidii kitu.

Fundi Spana

Na mabegi ya pembeni yanakaa juu ya bomba la moshi. Begi liwe mbali na bomba hilo, kiganja kizima angalau, na mkumbuke kwamba begi likikaa tupu liko mbali, likijazwa na shokapu ikikaa chini linasogea. Jaribuni mkiwa mmepanda wote wawili, mtu wa tatu aangalie. Begi la plastiki linalozuia maji halihitaji moto kuharibika. Linalainika kwanza, linanata, ndipo linatoboka, na kilichoko ndani kinafuata. Kikopo cha gesi kisikae upande huo hata kidogo. Vikopo vya gesi ya kambi huandikwa visipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Mimi changu kinakaa katikati ya nguo, ndani ya sufuria.

Kofia Ngumu

Jambo moja dogo ambalo hamjaligusa: begi lisilopitisha maji mkilikunja mdomo, toeni hewa kwanza. Likalieni kama mnakalia mto, kisha kunjeni mara tatu au zaidi, ndipo mfunge mikanda. Ukifunga begi lina hewa, unafunga puto. Hewa inatoka taratibu njiani na mikanda inabaki imeshika kumbukumbu.

Mzee wa Spoku

Kofia, kumbe unajua kufunga bila mipira.

Kofia Ngumu

Mipira bado ninayo.

Hema Mgongoni

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nimenunua mikanda minne ya poliesta. Begi zito lenye vyuma liko kwenye siti, limenigusa mgongo. Hema limekingama nyuma yake. Begi la kulalia liko juu ya keria. Nimepima kilichobaki kwenye keria: kilo 2 na kidogo. Sikuamini kwamba vitu ni vilevile.

Nilifanya jaribio ambalo nadhani ndilo nitakalolifanya kila mara. Nilishika begi kwa mikono miwili nikalisukuma kushoto, kulia, juu, mbele, nyuma. Mara ya kwanza begi lilicheza na pikipiki ikatulia, nikajua bado. Nikafungua, nikahamisha mikanda ya mbele kutoka kwenye kishikio cha abiria kwenda kwenye vyuma vya vikanyagio. Mara ya pili nikisukuma begi, pikipiki nzima ikayumba nalo kama kitu kimoja. Hapo nikaondoka.

Nilisimama baada ya kilomita 15 kuangalia, na kweli mikanda miwili ilikuwa imelegea. Siyo mikanda, ni nguo zilizokuwa zimejikunja vizuri zaidi humo ndani. Nikakaza, nikasimama tena baada ya kama saa moja, haikuhitaji kitu. Nikapita barabara ileile ya vumbi. Hema lilifika.

Malalamiko mawili tu. Kupanda pikipiki sasa ni kazi, mguu hauvuki begi. Nimepiga teke begi langu mwenyewe mara mbili mbele ya watu. Na mkanda mmoja unaimba. Nikifika kilomita 80 kwa saa unatoa sauti kama nyuki kwenye chupa.

Mzee wa Spoku

Unaoimba ni ule ulionyooka hewani bila kugusa begi. Ufungue, uupige msokoto mmoja wa nusu kabla ya kuukaza tena. Upepo ukikuta mkanda bapa umelala wote upande mmoja, unautetemesha. Ukiwa na msokoto hauna pa kushika. Pia usiache sauti hiyo iendelee ukidhani ni kero ya masikio tu, mkanda unaotetemeka unajikata polepole pale unapogusa ukingo wa chuma.

Kupanda: kanyaga kikanyagio cha kushoto kama unapanda farasi, mguu wa kulia upite mbele ya begi ukiwa umekunja goti. Ila stendi ya pembeni iwe mahali pagumu, la sivyo utalala nayo.

Gia ya Chini

Na indiketa zako zinaonekana? Maana kwenye maelezo yako hema limekingama.

Hema Mgongoni

Nimetoka sasa hivi kuangalia. Ya kulia inaonekana. Ya kushoto imefunikwa na ncha ya hema, nimetembea hivyo siku mbili. Narudi nje kuisogeza.